Jina la mjukuu: barua kutoka Bremen

Baba, shikamoo. Mama naye namwamkia, na kamwene kwenu nyote hapo nyumbani.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, mara ya mwisho nikiwa kwenye tramu. Nimemsikia jogoo akiwika nyuma yako, na Mama akikukatiza, "Mwambie achague upesi!" Ana haki, maana mkweo amebakiza wiki tatu.

Umesema akiwa wa kiume aitwe Mkwawa, kama yule mtwa wetu Wahehe. Jambo hili nimelala nalo siku nne, Baba, na naomba unisikilize kabla hujakasirika.

Mkwawa ni kifupi tu. Jina lenyewe ni Mkwavinyika, nawe ndiye uliyenieleza tukiwa kwenye basi la Kalenga: aliyetwaa nchi nyingi. Hilo ni jina la sifa, mtu hulitolea jasho. Munyigumba alipofariki mwaka 1879, kijana wake hakukikuta kiti kikimsubiri, alikipigania kwanza, ndipo akaanza kuwabana majirani mmoja baada ya mwingine. Agosti 1891, pale Lugalo, akakivunja kikosi cha Wajerumani cha Zelewski, na Zelewski mwenyewe akafia palepale. Hata boma lake la Kalenga lilipoangushwa kwa mizinga Oktoba 1894, mwenyewe hawakumpata. Aliwazungusha porini karibu miaka minne, na kichwa chake kimewekewa rupia 5,000, mpaka Julai 1898 alipojipiga risasi ili wasimshike akiwa hai. Sasa huyu wetu, ambaye nchi ya kwanza atakayoitwaa ni kitanda chetu, nimvike jina hilo akiwa bado kwenye nepi?

Halafu kuna huku ninakoishi. Kila asubuhi nabadilisha tramu mbele ya stesheni kuu, na makumbusho yapo ubavuni mwake kabisa. Ni humo Twining, gavana wa Tanganyika, alimofuata fuvu la Mkwawa. Mafuvu yalikuwa mengi, akachagua moja, likarudi Kalenga mwaka 1954. Mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246, ulikuwa umeagiza lirudishwe ndani ya miezi sita! Watu hapa wanapita na kahawa zao, mimi napita nikitazama madirisha. Sitaki siku moja nimshike mtoto mkono mbele ya jengo lile, nimwite kwa jina lake asikimbilie barabarani, na moyo wangu uende kwenye rafu za mafuvu.

Tena watamharibia. Wajerumani herufi w wanaisoma v, na v mara nyingi wanaisoma f. Nilimwandikia mkunga kwenye karatasi, akasoma "Mkvava". Nikamwandikia lile refu, likatoka "Mkvafinyika". Mama wa watu alijitahidi, akarudia mara mbili, kisha akauliza kama kuna kifupi. Nikamwambia kifupi ndicho hicho cha kwanza.

Ninalolitaka mimi ni jina la Babu. Silisemi lile la ubatizo lililoandikwa kwenye cheti. Nasema lile ambalo Bibi alikuwa anamwitia jioni, amesimama kwenye mianzi ya ulanzi, kiganja mdomoni, sauti inavuka bonde na Babu anaitika kutoka kondeni bila kuinua mgongo. Nalisikia mpaka leo, lakini sijawahi kuliona limeandikwa. Linaanza na Mu au na M peke yake? Na maana yake ni ipi hasa? Mama aliwahi kuniambia Babu alizaliwa msimu wa nzige na jina likatokea humo. Wewe ukasema Mama anachanganya na kaka yake Babu. Mkabishana mpaka chakula kikapoa, nami sikupata jibu.

Muulize Shangazi, yeye hachanganyi. Kisha uliandike kwa kalamu, herufi kubwa, upige picha unitumie. Na kwenye sauti ulitamke mara mbili, polepole, jogoo akiwa mbali. Huku karatasi za usajili wanazitaka mapema, na herufi moja ikikosewa kuirekebisha ni safari ndefu ya ofisi hadi ofisi.

Akiwa wa kike, Mama ameshashinda, sina la kusema.

Hela ya mbolea ya kupandia nimetuma Ijumaa. Usimkopeshe mtu.

Mwanao