Oktani haiongezi nguvu ya gari

Mhariri,

Madereva wengi hulipia oktani kubwa wakidhani inaongeza nguvu. Haiongezi. Oktani hupima jinsi petroli inavyostahimili mgandamizo bila kujiwasha yenyewe kabla moto wa plagi haujaifikia. Toyota Vitz ya kawaida kutoka Japani iliundiwa petroli isiyopungua RON 89 (RON ni kipimo cha oktani). Kuijazia ya 97 ni kutupa fedha.

Subaru Forester ya turbo ni habari nyingine, inataka RON 96 kwenda juu. Ukiipa ya chini, ukipanda mlima utasikia mlio kama kokoto ndani ya kopo. Kompyuta ya injini huchelewesha cheche ya plagi, gari linakuwa zito na linakula mafuta. Mlio ukiendelea, ringi za pistoni huvunjika, kwa hiyo legeza mafuta na ushushe gia mara moja.

Someni kitabu cha gari, na mwangalie kipimo: Marekani hutumia kipimo tofauti, na 87 yao ni takriban RON 91 hadi 92.

Fundi magari,
Dar es Salaam