Risala ya Klabu ya Sayansi kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwalimu Mkuu, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Itifaki imezingatiwa.

Daktari, tunakushukuru kwa kuitikia mwito wetu huku wagonjwa wakikusubiri wodini.

Mada yetu ya mwaka huu, kuua seli za saratani kwa altrasaundi, yaani mawimbi ya sauti yasiyosikika na sikio, pamoja na dawa, ilizua ubishi mkubwa klabuni. Mwenzetu mmoja alishikilia kwamba altrasaundi ni ya kutazama mtoto tumboni, basi. Ikabidi tusome.

Kumbe mwaka 1989 mtafiti Yumita na wenzake, huko Japani, walionyesha kwamba himatopofirini, dawa iliyojulikana kuamshwa na mwanga, huamshwa na sauti pia. Mwanga huishia karibu na ngozi, hata sentimita moja ni shida kuivuka. Sauti hufika ndani kabisa, na mawimbi yake yakilengwa hukusanyika mahali padogo, kama miale ya jua chini ya kioo cha kukuza.

Kilichotuvutia zaidi ni hiki: dawa hiyo peke yake haikusudiwi kuua, na sauti ya nguvu ndogo vilevile. Zikikutana ndani ya seli, huzaliwa oksijeni kali inayoiunguza seli hadi ife. Zinakutanaje hasa? Wapo wanaosema viputo vidogo vya gesi, vinavyotokea majimajini na kupasuka kwa mawimbi hayo, hutoa mwanga hafifu unaoiamsha dawa. Wengine wanataja joto la viputo hivyo. Wataalamu wenyewe bado wanabishana, nasi tulifarijika kidogo.

Kwa saratani ya ubongo iitwayo glayoma, hujaribiwa asidi ya aminolevuliniki. Mgonjwa huinywa, na seli za uvimbe huigeuza kuwa protopofirini, kemikali ya jamii moja na himatopofirini, na kuilimbikiza kuliko seli zenye afya. Madaktari wa upasuaji wanaifahamu: huufanya uvimbe ung'ae mwekundu chini ya mwanga wa buluu, na Marekani iliidhinisha matumizi hayo mwaka 2017. Sasa watafiti wanaijaribu pamoja na sauti, bila kupasua fuvu.

Vikwazo vipo. Fuvu hupotosha mawimbi, hewa ya mapafu huyazuia, na katikati ya uvimbe mara nyingi oksijeni ni haba, ilhali ndiyo inayotegemewa. Aliyekunywa dawa hiyo naye hukaa mbali na mwanga mkali kwa siku moja au mbili.

Mheshimiwa, tuna maombi mawili. Kwanza, utualike tuione mashine ya altrasaundi ikifanya kazi. Tumeichora mara nyingi bila kuigusa. Pili, utakaposimama, uwaambie wazazi wetu kwa kinywa chako kwamba tiba hii ingali kwenye majaribio, mtu asije akaacha upasuaji, mionzi au dawa alizoandikiwa kwa sababu amesikia risala ya wanafunzi.

Tunaomba kuwasilisha.

Wanachama wa Klabu ya Sayansi