Taa nane kuwaka hakutoshi

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na mafundi wenzangu, hasa sisi tunaofunga mitandao ya kompyuta mashuleni huku Tanga.

Juzi niliitwa kwenye shule moja ambayo mtandao wake hukwama kila wanafunzi wakijaa darasani. Fundi aliyetangulia alipima kila kebo kwa kipimio chenye taa moja kwa kila waya, taa zote nane zikawaka, akalipwa akaenda zake. Nikakagua plagi. Kebo ina nyaya nane zilizosokotwa jozi nne, naye kazipanga mbilimbili, kila waya na mwenzake, kuanzia namba 1 hadi 8. Kwa macho inapendeza. Lakini namba 3 na 6 zinatakiwa kuwa jozi moja, na hapo kila moja ilitoka jozi yake. Kipimio cha taa hakioni kosa hilo, maana umeme unapita kama kawaida.

Nyaya hazikusokotwa kwa urembo, jamani. Alexander Graham Bell alipata hataza ya wazo hilo mwaka 1881, kwa ajili ya simu. Waya mbili zikizungukana, kelele ya nje huziingia zote karibu sawasawa, na chombo kinachosoma tofauti kati yao hakiisikii. Basi usifumue zaidi ya milimita 13 mwishoni, wala usivuke mita 100 kwa kebo moja.

Na wakuu wa shule nao: kebo ya alumini iliyopakwa shaba ni ya bei nafuu, sikatai, lakini haifai. Kwangueni waya wa ndani kwa kisu kabla ya kulipa. Chini ya shaba ukiwa mweupe, ni alumini: kebo irudi dukani.

Fundi mitandao,
Tanga