Tarehe katika vitabu vya Shaaban Robert

Mhariri,

Mwanafunzi anafungua Utubora Mkulima, anaona mwaka wa kuchapwa, 1968, kisha anaandika katika insha kwamba karani anayeacha kazi ya mjini na kwenda kulima alibuniwa ili kuunga mkono Azimio la Arusha. Azimio ni la 1967. Shaaban Robert, mwandishi wake, alifariki Juni 1962; kitabu kilichapwa baada ya kifo chake. Kosa hilohilo huikumba Kufikirika (1967) na Siku ya Watenzi Wote (1968), na wapo walimu wanaoliwekea alama ya vema. Mwandishi alikuwa karani wa serikali ya mkoloni tangu 1926. Mawazo ya riwaya hizo yatafutwe huko kwanza. Kusadikika imenusurika kwa sababu ilichapwa 1951, kwa hiyo mhusika wake mkuu Karama na wajumbe sita anaowasimulia hawana wa kuwasingizia.

Kabla ya kufundisha kitabu chake chochote, mwalimu aandike ubaoni mwaka wa toleo la kwanza, si wa nakala iliyo mkononi, na kando yake 1962. Kisha atazame kitabu chenyewe. Wasifu wa Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab wa Zanzibar, husomwa katika matoleo ya baadaye, ilhali ulitoka 1958 pamoja na jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, miaka minane baada ya Siti kufariki. Ni wasifu wa kusifu na kuasa. Anayetafuta orodha ya sahani za santuri zilizorekodiwa Bombay kuanzia 1928 ataikuta kwingine.

Tawasifu yake, Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini, ndiyo inayochanganya zaidi, maana sehemu mbili zimo ndani ya jalada moja. Aliyezaliwa 1909 hawezi kusimulia yaliyompata baada ya miaka hamsini kabla ya 1959. Kwa hiyo nukuu kutoka sehemu ya kwanza, Maisha Yangu, palipo na tenzi alizowatungia wanawe, isitumiwe kuthibitisha alivyofikiri uzeeni.

Shajara yake hatuna ya kusoma, ila zipo barua alizomwandikia mdogo wake Yusuf Ulenge kati ya 1931 na 1958, zilizohaririwa na mtaalamu wa fasihi M. M. Mulokozi na kutolewa na TUKI (Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili) 2002. Zina tarehe, na zinafaa kuliko dibaji nyingi. Lakini zinakomea 1958: miaka minne ya mwisho hazisemi kitu.

Wachapishaji nao, wanaporudia kuchapa, waweke mwaka wa toleo la kwanza na mwaka wa kifo kwenye ukurasa mmoja.

Mwalimu wa fasihi,
Tanga