Kwa Rehema, kuhusu matibabu ya Mzee

Rehema ndugu yangu,

Salaam nyingi kwako na kwa wote mnaomuuguza Mzee. Barua yako nimeipata. Unauliza iweje wagonjwa wawili wenye saratani ileile ya ini, wanaotundikiwa dawa zilezile, mmoja uvimbe wake unywee na wa mwingine uendelee kukua kana kwamba hakupewa kitu. Na hilo la kaka yako, kutaka Mzee aachishwe wanga na sukari "ili saratani ife njaa", nitalifikia. Ndilo lililonifanya nikujibu haraka.

Kwanza ujue kwamba Mzee hakukosea popote. Katika utafiti uliozipa nafasi dawa anazotumia, atezolizumabu na bevasizumabu, ambao matokeo yake ya kwanza yalitoka 2020, uvimbe ulisinyaa vya kutosha kwa wagonjwa takriban 3 kati ya 10. Wengine wengi uvimbe ulitulia tu bila kusinyaa, na baadhi ukaongezeka. Hata hivyo nusu ya waliozipata waliishi zaidi ya miezi 19, wakati kwa waliopewa sorafenibu, dawa ya zamani, ilikuwa kama miezi 13. Kwa ugonjwa huu hiyo ni hatua kubwa.

Atezolizumabu yenyewe haiui saratani. Kazi yake ni kuondoa breki ambayo uvimbe umezifungia seli T, zile seli nyeupe za damu zinazoua seli zilizoharibika. Lakini gari ukiliachia breki na tangi ni tupu, litakwenda wapi? Seli T ikiamshwa huhitaji glukosi, yaani sukari ya damu, nyingi kwa ghafla ili izaliane na kupigana, na seli ya saratani inaitaka glukosi hiyohiyo.

Ini lenye afya lina ustaarabu wake: sukari ikizidi kwenye damu huipokea na kuiweka akiba, ikipungua huirudisha. Kimeng'enya chake cha kushikia sukari hakina pupa, hufanya kazi hasa sukari inapokuwa nyingi. Seli ya ini ikigeuka saratani, mara nyingi hukizima hicho na kuwasha kingine, heksokinasi ya 2, kinachonyakua glukosi hata ikiwa kidogo. Kisha huivunja nusunusu hata kama oksijeni ipo, jambo ambalo Otto Warburg aliliona kwenye saratani huko Ujerumani miaka ya 1920, na kumwaga nje asidi ya laktiki. Asidi hiyo huzilegeza seli T zinazoua. Tena kuna kundi jingine la seli T, zile za kutuliza kinga, ambazo zinaweza kuila laktiki na kustawi. Kwa hiyo humo ndani wapiganaji wanashinda njaa na wasuluhishi wanashiba!

Ndiyo maana Mzee anapewa na bevasizumabu. Uvimbe huota mishipa ya damu ya ovyo, inayovuja, na sehemu nyingine hazifikiwi na oksijeni. Ishara inayootesha mishipa hiyo pia huidhoofisha kinga moja kwa moja. Bevasizumabu ikiizuia ishara hiyo, seli T zinapata njia ya kuingia.

Umeniuliza pia kwa nini picha ya PET ya Mzee haikuwaka sana ilhali uvimbe upo. Picha ile hufuata sukari yenye mionzi. Saratani ya ini ambayo bado inafanana na ini la kawaida huwa na kimeng'enya kinachoiachia sukari itoke tena, basi picha inakuwa hafifu. Zile zinazowaka sana kwa kawaida ndizo kali, hurudi mapema hata baada ya upasuaji. Kwa hiyo picha hafifu haimaanishi hakuna ugonjwa, ila si habari mbaya.

Kuna na tofauti za jeni. Karibu theluthi moja ya uvimbe wa namna hii una hitilafu kwenye jeni ya CTNNB1, inayobadilisha jinsi seli zinavyotumia glutamini, kirutubishi kingine cha seli, na mara nyingi seli T hubaki nje hazisogei. Awali ilidhaniwa tibakinga, yaani dawa za kuamsha kinga kama atezolizumabu, haitawafaa kabisa wagonjwa hao, lakini kwa mchanganyiko wa dawa mbili mambo hayakuwa wazi hivyo. Vivyo hivyo kwa ini lenye mafuta: mwaka 2021 watafiti walionyesha kwenye panya kwamba ini la namna hiyo hujaa seli T zilizochoka, zinazoliumiza ini lenyewe badala ya saratani. Kwa binadamu bado wanabishana, na madaktari hawamnyimi mtu dawa kwa sababu hiyo. Nami naona wako sahihi.

Sasa la kaka yako. Mwambie taratibu, maana najua anafanya kwa mapenzi: ugomvi huu wa chakula uko ndani ya uvimbe, hauamuliwi na sahani. Mzee asipokula wanga, mwili wake utabomoa misuli ili kutengeneza glukosi, na saratani itaendelea kunyakua sehemu yake. Tena ana sirosisi. Ini lenye makovu haliwezi kuweka akiba ya kutosha, kiasi kwamba kulala usiku mmoja bila kula kwake ni sawa na mtu mzima wa afya kufunga siku 2 au 3. Misuli ikiisha, wagonjwa wa saratani ya ini huishi muda mfupi zaidi, hata wakiwa kwenye tibakinga. Hata dawa iliyotengenezwa kuondoa arginini, kirutubishi kingine cha seli, kwenye damu, kwa kuwa saratani nyingi za ini haziwezi kujitengenezea, ilijaribiwa kwa wagonjwa 635 na haikuwaongezea maisha.

Kwa hiyo ale. Protini gramu 1.2 hadi 1.5 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, milo midogo ya mara kwa mara, na kitu chenye wanga kabla ya kulala. Kama ana kisukari, mpangilio apange daktari, si kaka. Na zile dawa za kisukari anazoambiwa na watu anywe "kuinyima saratani sukari", asiguse bila ruhusa.

Mkienda kliniki, ulizeni alama ya Child-Pugh ya Mzee, ile inayopima ini limedhoofika kiasi gani, ni ngapi sasa, maana ini lenyewe likizidi kudhoofika dawa nyingi hazitamfaa. Ulizeni pia kipimo cha AFP, protini ya damu inayosaidia kufuatilia saratani ya ini, kimepanda au kimeshuka tangu aanze, na kama daktari anaona bado kuna faida kuendelea au ni wakati wa kuhamia dawa nyingine. Zipo. Majibu ya kipimo cha mwisho nipigie picha kurasa zote, si ile ya hitimisho tu, unitumie nizisome.

Msalimie sana Mzee, mwambie namuombea.

Ni mimi rafiki yako,
Zawadi