Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Mwanza: Chambo kisimwagwe wanapochota maji watu

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

Yah: Uvuvi wa burudani karibu na ufuko

Salaam, na pole kwa majukumu.

Siku hizi, jioni za wikiendi, vijana wenye magari na wageni wao wanashuka ziwani na fimbo za kuvulia, wakitafuta sangara mkubwa wa kupiga naye picha. Starehe yao siigombi. Kinachonitia hofu ni mahali wanaposimama na wanachomwaga majini. Ili sangara asogee wanakuja na ndoo ya matumbo na vichwa vya samaki, wanaimimina palepale kwenye mawe ambapo kina mama wanachota maji na watoto wanaoga. Nimeiona kwa macho yangu: damu inasambaa juu ya maji, na hatua chache pembeni binti anazamisha dumu la lita 20, maji yamemfika magotini.

Mheshimiwa, mamba hunusa mzoga na damu majini, na akishapata chakula mahali atarudi palepale. Huwinda zaidi giza linapoingia, mwili wote umezama, juu yamebaki macho na pua. Ndiyo saa ambayo watu wametoka kazini na wanakuja kuoga. Wenzetu wa Buchosa, Sengerema na Ukerewe hawana haja ya kuelezwa hili. Wamezika ndugu zao, na wapo ambao hawakupata hata cha kuzika.

Wavuvi hao husema samaki wanamrudisha ziwani. Lakini sangara havumilii kukosa hewa. Akishavutwa muda mrefu, akalazwa mchangani na kila mmoja akapiga naye picha, mara nyingi hata akirudishwa haponi, na baadaye anaelea tumbo juu kwenye matete. Mzoga huo nao unamwita mamba. Tena sangara wakubwa namna ile wengi ni majike, kila mmoja na mamilioni ya mayai tumboni, na watu wa mialo yetu (sehemu za kupakulia samaki), kuanzia Igombe hadi Kirumba, wanakula kwa sababu ya mayai hayo.

Kuna na ndoana zinazokatikia kwenye mawe. Mtoto wa jirani yangu alikanyaga moja ikazama kisiginoni. Kwa kuwa ina kijino haikuweza kurudi ilikoingilia, ikabidi tabibu wa zahanati aisukume itokee upande wa pili. Mtoto alilia hadi sauti ikakauka.

Huko Florida, Marekani, shida inafanana na hii, ila wao ni papa: watu walikuwa wakiwavua kutoka ufukweni, karibu na waogeleaji. Tangu Julai 2019 ni marufuku kumwaga chambo majini ukiwa ufukweni. Anayevua papa kutoka nchi kavu lazima awe na kibali, nacho ni cha bure, na mtu mzima hakipati bila kupitia mafunzo. Papa wa aina zinazolindwa haruhusiwi kutolewa majini, hata kwa picha. Na uvuvi wenyewe unaendelea hadi leo.

Tunachoomba kwako hakina gharama kubwa. Piga marufuku kumwaga matumbo na vichwa vya samaki popote watu wanapochota maji au kuoga. Serikali za mitaa na BMU (vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi ufukweni) zikae, zipime umbali, zisimike vibao, na wanaovua kwa burudani waelekezwe kukodi mitumbwi yetu waende mbali na makazi. Hapo hata vijana wetu watapata kipato. Sharti hilo liandikwe kwenye leseni zao ili asiwepo wa kusema hakujua. Na kwa mitaa ambayo bomba halijafika, tujengewe vizimba vya kuchotea maji, yaani uzio ziwani unaomzuia mamba, maana kumwambia mama asiende ziwani wakati nyumbani hana tone ni kumwonea.

Tunaomba amri hiyo itoke kabla ya Desemba. Shule zikifungwa watoto wanashinda majini, na wageni wenye fimbo wanaongezeka.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mzazi na mkazi wa ufukweni, Ilemela