Mpangaji ndiye benki: barua ya wazi kwa Waziri wa Ardhi, Nyumba na Maendeleo ya Makazi

Mheshimiwa Waziri,

Tunakuandikia kuhusu fedha ya mkupuo. Katika Dar es Salaam nyumba hudai fedha kwa mkupuo karibu kila hatua: kodi ya miezi sita, kiwanja taslimu, saruji taslimu, ankara ya hati taslimu. Wananchi wengi hupata fedha kidogo kidogo, kwa mshahara wa mwisho wa mwezi au mauzo ya siku. Kila mwaka tunasikia kwamba nchi ina upungufu wa nyumba milioni 3 na mahitaji mapya ya nyumba 200,000. Takwimu hizo zinatajwa sana, lakini hazisemi nyumba hizo zinakwama wapi. Kwa maoni yetu zinakwama hapo kwenye mkupuo.

Chukua chumba kimoja cha uswahilini, futi kumi kwa kumi, choo cha pamoja, LUKU moja kwa vyumba vinne. Kodi ni shilingi 60,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba anataka ya miezi sita, yaani 360,000. Dalali anataka ya mwezi mmoja, 60,000 nyingine. Hiyo ni 420,000 kabla ya kununua godoro. Kima cha chini cha mshahara serikalini, baada ya nyongeza ya Julai 2025, ni shilingi 500,000. Mfanyakazi huyo anaweza kulipa 60,000 kila mwezi bila shida. Anachoshindwa ni kuzitoa zote Jumamosi moja, kwa hiyo anakopa kazini, kwenye kikoba au kwenye simu, na riba ya mkopo huo inakuwa sehemu ya kodi ambayo haiandikwi popote.

Ni rahisi kumlaumu mwenye nyumba, na wanasiasa wengi wameishia hapo. Ila tazama fedha hiyo inakwenda wapi. Vyumba vinne kwa miezi sita ni shilingi 1,440,000. Kwa wengi zinaingia moja kwa moja kwenye mbao, bati na milango ya vyumba viwili vinavyofuata pale pale uani. Hakuna benki inayomkopesha kiasi hicho kwa masharti anayoyaweza, basi mpangaji ndiye benki yake, tena benki isiyopata riba wala dhamana. Mwenye nyumba ana hofu yake pia: mpangaji akigoma kulipa, kumtoa kwa njia halali kunachukua muda mrefu kuliko hiyo miezi sita.

Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya 1984 ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo upangaji umebaki chini ya Sheria ya Ardhi ya 1999 na makubaliano ya watu wawili ambao mmoja wao ana ufunguo mkononi. Mwaka 2021 mabaraza ya ardhi ya kata yaliondolewa mamlaka ya kuamua, yakabaki na usuluhishi. Usuluhishi usipofanikiwa ndani ya siku 30, mdai anakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kwa shauri la kiwanja ni sawa. Kwa mpangaji anayedai arudishiwe kodi ya miezi mitatu, 180,000, nauli na siku za kazi alizopoteza zitamaliza dai lenyewe kabla ya hukumu.

Kwa hiyo tunaomba sheria fupi ya upangaji wa makazi. Malipo ya awali yasizidi kodi ya mwezi mmoja na amana ya mwezi mmoja. Mkataba uwe wa ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, unaotaja usomaji wa LUKU siku ya kuingia, hali ya milango, vitasa na choo, na tarehe ya kurudisha amana. Ada ya dalali ilipwe na aliyemtuma. Madai yasiyozidi shilingi milioni 1 yapate njia yake ya haraka, yasikilizwe bila wakili na kuamuliwa ndani ya siku 30, na njia hiyo hiyo imtumikie mwenye nyumba aliyegomewa kodi. Bila hilo la mwisho sheria itakufa: kodi ya mwezi itaandikwa kwenye mkataba, na ile ya miezi sita itapita chini ya meza.

Sheria peke yake haitoshi. Ukimnyang'anya mwenye nyumba benki yake bila kumpa nyingine, vyumba vipya vitapungua na kodi itapanda. Hapa ndipo sera ya mikopo inapokosea mlango. Tuna Sheria ya Mikopo ya Nyumba ya 2008, tuna kampuni ya TMRC (Tanzania Mortgage Refinance Company) tangu 2010 inayozipa benki fedha za muda mrefu za kukopesha nyumba, na bado wenye mikopo ya nyumba nchi nzima ni kama elfu sita tu, katika taifa lililohesabiwa watu 61,741,120 mwaka 2022. Sababu ni hesabu ya darasani. Mkopo wa shilingi milioni 50 kwa riba ya asilimia 15, miaka 20, unadai rejesho la takriban 658,000 kila mwezi. Ukiishusha riba hadi asilimia 10, rejesho linakuwa 482,000 hivi. Hata hapo, anayetenga theluthi moja ya mshahara kwa ajili ya nyumba anahitaji mshahara wa karibu milioni 1.5. Kushusha riba ni jambo jema, lakini usitarajie kuwafikia wa Mbagala na Tandale kwa njia hiyo.

Sasa piga hesabu ya mkopo mdogo. Shilingi milioni 5, miaka 3, riba ya asilimia 20 kwa mwaka inayokokotolewa kwenye salio linalopungua: rejesho ni kama 186,000 kwa mwezi. Yule mwenye vyumba vinne anapokea 240,000 kila mwezi. Analipa, na inabaki. Lakini mkopeshaji akitumia asilimia hiyo hiyo 20 kwenye mkopo wote kwa miaka yote mitatu, rejesho linaruka hadi 222,000. Mkopaji anaona tangazo lile lile la "asilimia 20" na hajui kilichobadilika. Mfuko wa Mikopo Midogo Midogo ya Nyumba upo tayari, ulianzishwa chini ya mradi wa fedha za nyumba uliofadhiliwa na Benki ya Dunia. Tunaomba uongezewe mtaji, na masharti yake kwa wakopeshaji yawe mawili: riba ihesabiwe kwenye salio, na mwenye nyumba anayekopa akubali kupokea kodi ya mwezi kwa mwezi muda wote wa mkopo. Hapo sheria na fedha zitashikana mkono. Dhamana ipo: leseni ya makazi ya miaka 5, kibali cha muda anachopewa mwenye nyumba kwenye eneo lisilopimwa, inatosha kwa mkopo wa miaka 3, mradi ikaguliwe kwamba muda uliobaki unazidi muda wa mkopo. Kosa linalotokea ni kukopesha kwa leseni iliyobakiza miezi minane.

Mkopo unaotolewa kwa awamu utapunguza pia mapagale, yaani nyumba zilizoachwa bila kumalizika. Pita Chanika au Kivule utayaona: kuta zimefika kwenye lenta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, nondo za nguzo zimechomoza juu na kuota kutu, kozi ya mwisho ya tofali inamomonyoka kwa mvua, na sebuleni umeota mnyonyo. Humo mna mamilioni ya mtu yaliyolala. Akirudi baada ya miaka minne, fundi atamwambia avunje kozi mbili za juu na akate nondo zilizoliwa. Kujenga kidogo kidogo hakuna ubaya, ubaya ni kusimama mahali pabaya. Anayeishiwa fedha asimame msingi ukiwa umejazwa na kushindiliwa, au asimame akiwa ameezeka. Awamu za mkopo zifuate vituo hivyo viwili, na fedha za kuanzia lenta hadi bati zitoke kwa pamoja.

Kwenye saruji, Serikali inatoza pande mbili. Tangu bajeti ya 2023 kuna ushuru wa shilingi 20 kwa kilo, yaani 1,000 kwa mfuko wa kilo 50, na juu yake VAT ya asilimia 18. Mfuko ukiuzwa 16,000, karibu 3,400 ni kodi. Nyumba ya vyumba viwili na sebule inayokula mifuko 150 imelipa zaidi ya nusu milioni kabla ya kugusa bati. Na bei ikipanda, anayeumia kwanza ni tofali. Mfuko mmoja unatoa tofali imara za inchi sita 30 hadi 35. Ukikuta zinauzwa kwa bei ya kutupa, mara nyingi zimetoka 45 au zaidi kwa mfuko, na ukikwaruza kona kwa msumari mchanga unadondoka. Hatuombi ushuru ufutwe kwa wote, maana ghorofa za biashara nazo zinanunua saruji. Tunaomba mapato yake yapelekwe yote kwenye mfuko ule wa mikopo midogo, na yatangazwe.

Kuhusu viwanja, jibu tunalo toka zamani. Sinza na Kijitonyama zilitokana na mradi wa viwanja na huduma wa miaka ya 1970: Serikali ilitangulia na barabara, mifereji na maji, mwananchi akafuata na nyumba yake kwa kasi yake. Mradi wa viwanja 20,000 ulioanza 2002 ulitoa viwanja vingi Kibada, Bunju, Buyuni na Tuangoma, lakini maji na barabara vilichelewa, na wenye fedha wakanunua viwili vitatu wakaviacha vichaka. Funzo ni mpangilio wa kazi: bomba kuu na barabara ya changarawe kwanza, kuuza baadaye. Ukubwa nao upunguzwe. Eneo la mita za mraba 400 linatosha familia mbili likigawanywa viwanja vya mita 10 kwa 20, na gharama ya barabara na bomba kwa kila familia inashuka.

Urasimishaji, yaani kupima na kutoa hati kwenye makazi yaliyojengwa bila mpango, tunauunga mkono, ingawa ni kufunga zizi ng'ombe wakiwa nje. Unapokwama ni hatua ya mwisho. Mwananchi amechangia upimaji, mchoro umeidhinishwa, mawe yamewekwa, halafu inakuja ankara moja yenye tozo ya mbele, ada ya usajili, ushuru wa stempu na kodi ya ardhi kwa pamoja. Mkupuo tena. Anaweka ankara kabatini na hati haichukuliwi. Namba ya malipo iruhusu kulipa kwa miezi 12 kwa simu, na hati itolewe salio likifika sifuri. Hilo halihitaji Bunge.

Wapo wanaoshauri tuige ushuru wa nyumba wa Kenya, ambao kwa sheria ya 2024 unakata asilimia 1.5 ya mshahara wa mfanyakazi na mwajiri anaongeza kiasi hicho hicho. Hapa kwetu waajiriwa rasmi ni wachache kati ya wanaohitaji nyumba. Tutakuwa tunamkata mwalimu anayepanga ili kujenga ghorofa ambazo huenda asizimudu.

Na dogo la mwisho, linaloudhi kuliko ukubwa wake. Kodi ya jengo hukatwa kwenye LUKU tangu 2021, na kwa nyumba ya kawaida sasa ni 1,500 kwa mwezi. Anayenunua umeme ni mpangaji, kwa hiyo ndiye anayelipa kodi ya mali isiyo yake. Mpangaji huyo akiambiwa aikate kwenye kodi ya pango anauliza: nitaikata vipi wakati ya miezi sita nilishaitoa?

Tutafuatilia hotuba ya bajeti ya wizara yako bungeni. Tungependa isomwe humo idadi ya hati zilizochukuliwa badala ya viwanja vilivyopimwa, mikopo ya nyumba iliyo chini ya milioni 10, na viwanja vilivyouzwa bomba la maji likiwa tayari limefika, kila kimoja kwa mkoa wake.

Wapima ardhi, wakadiriaji majenzi na maafisa mipangomiji,
Dar es Salaam